MTO ULIOUZAA MJI WA NAIROBI

Mombasa ilizaliwa na bahari, na Kisumu ilizaliwa na ziwa. Kwa kuwa Nairobi haina bahari wala ziwa, watu wengi hudhani kwamba mji huu ulizaliwa na reli peke yake. Hiyo ni nusu ya habari. Reli ilikuwa baba, na mama alikuwa mto. Jina lenyewe lashuhudia, maana Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Hata leo mji wenye mamilioni ya watu huitwa kwa jina la maji waliyonyweshea ng'ombe.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Mei 1899 vyuma vilifika maili ya 327, penye uwanda wazi, kinamasi cha mafunjo na mto mdogo. Wahandisi walituama hapo kwa sababu mbili. Kwanza, mbele yao palikuwa na mwinuko mkali wa kupanda kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, na kazi hiyo ilihitaji kambi kubwa ya kuweka vyombo, wanyama na watu. Pili, palikuwa na maji, na gari la moshi bila maji ni chuma kitupu. Mwaka huo huo John Ainsworth alihamisha makao ya utawala wa jimbo kutoka Machakos, akayaleta Nairobi. Muda si muda kambi ikawa mji, na mji ukawa makao makuu ya nchi.

Lakini mahali palipoifaa reli hapakuufaa mji. Kinamasi kilizaa mbu, na maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1902 tauni iliingia, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuizuia. Madaktari wakashauri mji uhamishiwe penye mwinuko, wasisikilizwe. Baadaye mji ukaanza kuletewa maji ya kunywa kutoka mbali: chemchemi za Kikuyu, kisha mabwawa ya Ruiru, Sasumua na Ndakaini. Hapo ndipo mto ulipopoteza heshima yake. Mtu hakitii uchafu kisima anachonywa. Bali kisima asichokihitaji tena hugeuka kuwa shimo la taka. Mto uliouzaa mji ukapewa kazi ya mfereji.

Na maji hufuata mkondo. Mto huu hutoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti, Kawangware na katikati ya mji, ukashuka Gikomba hata Korogocho na Dandora, kisha Njiru na Ruai. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi, maji yalikokuwa bado safi. Waafrika walipewa nyanda za mashariki, kama Pumwani iliyoanzishwa katika miaka ya 1920. Wakoloni wakaondoka, lakini mto haukubadili njia yake, na mji haukubadili desturi yake.

Dandora ni mfano wa jambo hilo. Katika miaka ya 1970 Baraza la Mji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianzisha mradi wa viwanja 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Kila mmoja alipata kiwanja chenye maji na choo, kisha akajijengea vyumba kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Lilikuwa jambo jema, na wengi walipata makao yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Lakini katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1975, machimbo ya mawe yaliyokuwa karibu yalifanywa jaa la taka za mji wote, kando ya mto. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari hayakuacha kumwaga taka. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa liondolewe katika miezi 6. Miezi ilipita, na jaa likabaki.

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyejaribu kuufufua mto. Mwaka 1999 mpango wa bonde la Mto Nairobi ulianzishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 2008 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alishika kazi hiyo kwa mkono wa chuma: takataka zikazolewa, mabomba ya siri yakazibwa, na pembeni mwa mto katikati ya mji pakapandwa miti. Alifariki mwaka 2012, na bustani iliyopo hapo huitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali iliunda Tume ya Mito ya Nairobi. Kisha mwaka 2025 kazi kubwa zaidi ikazinduliwa, ya kusafisha mto na kujenga mabomba ya maji machafu kandokando yake, na vijana wengi wakaandikwa.

Kazi hizo zastahili sifa. Hata hivyo yapasa kupima ufufuo wa mto kwa kile kinachofika Dandora, wala si kwa bustani iliyo mjini. Chupa iliyozolewa ukingoni mwa mjini ikipakiwa katika lori, safari yake huishia jaani Dandora; mvua ikinyesha, huteremka tena mtoni. Huko ni kuhamisha uchafu, si kuuondoa. Mabwawa ya kusafishia maji machafu yako Ruai, lakini mabwawa hayawezi kusafisha maji yasiyoyafikia, na nyumba isiyo na bomba haina njia nyingine ila mto.

Liko pia jambo la watu. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika ukingo wa mto, mita 6 hadi 30. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 jamaa nyingi za kando ya mito ziliondolewa na vibanda vyao vikabomolewa. Mafuriko yaliua watu, na kumwacha mtu alale mahali pa hatari si huruma. Lakini kumwondoa bila kumwonyesha pa kwenda ni kumrudisha mtoni kwa njia nyingine. Tena sheria haikuvunjwa na maskini peke yao: mwaka 2018 hata majengo makubwa ya biashara yalibomolewa kwa sababu yalisimama juu ya njia ya maji. Majengo yale hayakujengwa usiku. Ramani zake zilipita mezani mwa karani fulani.

Huko Korogocho, ng'ambo ya Dandora, vijana walianza mwaka 2017 kuuondolea ukingo taka kwa mikono yao, wakapanda miti na kutengeneza bustani ambamo watoto hucheza. Hawakungoja tume. Walionyesha kwamba mtu hulinda mahali anapopatumia.

Basi jambo hili si la watu wa Dandora tu. Mkulima wa Kikuyu anayelima hata ndani ya kinamasi cha Ondiri hupunguza maji katika chanzo chake. Maji yale yale, yakiisha kupita mjini, hunyunyizwa katika sukuma wiki na kurudi sokoni, kisha hushuka Athi na Sabaki hata baharini karibu na Malindi. Na karani mwenye muhuri wa kibali ana nguvu kupita tingatinga, maana yeye aweza kuzuia ukuta kabla haujajengwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na Nairobi imejenga kuta nyingi sana mahali palipohitaji kuzibwa bomba moja.