MZAZI NA MWALIMU: Ukurasa uleule wa kaye



Mwezi uliopita tuliandika hapahapa kwamba kila jioni mzazi aangalie kaye ya mtoto wake. Tuliandika mistari miwili tu, kana kwamba ni jambo rahisi, tukapita. Gazeti lilipokwisha kugawanywa, mama mmoja akatufuata. Alikuwa na madumu yake mawili matupu, anaelekea bombani. Akatuambia: "Ninyi mumeandika tuangalie kaye. Mimi naangalia kila siku. Lakini mimi sikusomaka. Sasa nitajua nini mule ndani?"

Tukamwomba atuletee hiyo kaye. Akaileta kesho yake, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa. Kumbe kwa wiki tatu nzima kijana wake alikuwa anamfunulia ukurasa uleule wa hesabu, wenye vema nyekundu za mwalimu. Kila jioni mama anatazama, anafurahi, anasema "vizuri, mwanangu", anampa chakula. Baada ya ukurasa ule kaye ilikuwa nyeupe mpaka mwisho. Mtoto hakuwa anafika darasani. Asubuhi anabeba mfuko wake, anapita mbele ya shule, anashinda kwenye uwanja wa mpira na wenzake wasiosoma, saa ya watoto kutoka anarudi nyumbani.

Mama alipoelewa hakusema kitu. Alikaa chini. Halafu akasema basi, kama ni hivyo, aache masomo, akalime vibarua, angalau alete kitu nyumbani.

Hapo tukaona kosa ni letu kwanza. Tulitoa shauri kwa wazazi waliosoma, tukasahau wengine, na wengine hao ni wengi katika kambi yetu. Tukamwomba mama asubiri kidogo, tuende naye kwa mwalimu. Alikataa mara ya kwanza. Alikuwa hajavuka kizingiti cha shule ile hata siku moja, anaogopa ataulizwa pesa, au ataaibishwa mbele ya watu. Mara ya pili akakubali, akavaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda.

Shule hatuitaji, mwalimu hatumtaji. Tunasema tu yaliyojitokeza, kwa ruhusa ya mama.

Kijana ana miaka 13 na yuko darasa la pili. Si kwamba ni mjinga. Walipokimbia Fizi walikaa kwanza milimani, kisha Baraka, kisha wakavuka ziwa kuja Kigoma. Miaka ikapita hapo katikati. Kwa hiyo amekaa benchi moja na watoto wa miaka saba, magoti yake hayaingii chini ya meza, na wale wadogo wamempa jina: "Babu." Babu lete chaki. Babu umekojoa. Siku moja alimpiga mmoja mdomoni, damu ikatoka. Mwalimu, ambaye mbele yake ana watoto zaidi ya mia na chaki moja, akamwambia toka, usirudi bila mzazi.

Sasa tazameni, wazazi. Ujumbe wa kumwita mama alipewa nani? Alipewa yuleyule mwenye kosa. Na mtoto yupi atakuja mwenyewe kusema "mama, nimefukuzwa"? Ujumbe ukafia njiani. Mwalimu akangoja, mama hatokei, akasema moyoni mwake: wazazi wa hapa hawajali. Mama naye yuko nyumbani anatazama vema nyekundu. Wote wawili walikuwa wanampenda mtoto yule na wote wawili hawakujua lolote.

Walipokaa pamoja, maneno yalitoka ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mama alisema kijana halali. Usiku anashtuka, anapiga kelele, wakati mwingine anatoka nje anakaa. Na kabla ya jua kutoka ni yeye anayepanga foleni ya maji, ndiyo maana anachelewa. Mwalimu alikuwa anamwadhibu kila akichelewa, hakujua habari ya maji. Naye mwalimu akasema: "Huyu kijana hesabu za kichwa anawashinda wote. Ila kusoma herufi hawezi, na akiona nitamwita asome, ndipo anaanza ugomvi." Mama hakuwa ameambiwa hata siku moja kwamba mtoto wake ana akili ya hesabu. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile.

Tunasimama kidogo hapo, maana ndipo palipo na jambo. Sisi wazazi tukisikia mtoto ni mgomvi, tunatafuta fimbo. Lakini mtoto akianza fujo kila inapofika saa ya kusoma kwa sauti, fujo ile inatuambia kitu: anaona aibu. Heri aitwe mbaya kuliko aitwe mjinga. Mwingine anakaa kimya nyuma kabisa, haandiki, kumbe haoni ubao. Mwingine haitiki akiitwa, sikio limetoka usaha tangu mvua za mwaka jana, na nyumbani tumezoea harufu. Na mtoto aliyeona mambo ya vita anaweza kushtuka mlango ukibamizwa, akarusha ngumi kabla hajafikiri, akakojoa kitandani hali ni mkubwa. Fimbo haiponyi sikio, wala usingizi mbaya. Huyo wa sikio apelekwe hospitali, na huyo asiyelala vilevile, maana wapo wahudumu wanaoshughulika na mambo ya moyo na mawazo, na si aibu.

Tunajua baba wengine watasema: sisi tulipigwa na tukasoma. Ni kweli tulipigwa. Tuhesabu pia wenzetu walioacha shule kwa sababu ya kupigwa, hao hawako hapa kutoa ushuhuda. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Lakini hata bila mkataba, kijana huyu angechapwa siku ile, asingejua kusoma herufi moja zaidi.

Walikubaliana hivi. Maji yatachotwa jioni, na dada yake atashika zamu. Ujumbe wa shule hautapita tena mkononi mwa mtoto: mwalimu atampa jirani mmoja ambaye watoto wake wanasoma palepale, na mama atapita mwenyewe kila Ijumaa saa ya kutoka. Jina la "Babu" likakatazwa darasani, na kijana akapewa kazi ya kugawa vitabu na kuwasaidia wadogo hesabu. Kusoma, msichana wa jirani wa darasa la sita atakaa naye kila jioni kabla giza halijaingia, kwanza kwa Kiswahili, maneno anayoyajua mdomoni, halafu Kifaransa. Watoto wetu wengi Kifaransa wanakutana nacho darasani tu, na mtu hawezi kujifunza herufi na lugha ngeni kwa mkupuo mmoja.

Kitu kigumu kilikuwa kwenda kwa wazazi wa yule mdogo aliyepigwa. Mama alikwenda naye. Kijana alisimama mlangoni, anaangalia miguu yake, akasema "munisamehe" kwa sauti ndogo sana. Baba wa mtoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwuliza: "Wewe ni wa wapi kule Fizi?" Kumbe walitoka vijiji vya jirani. Wakaongea habari za kule mpaka jioni.

Leo ni wiki ya tano. Kijana amekosa siku mbili, zote siku za mgawo, kwa sababu mama hawezi kubeba unga peke yake. Amegombana tena mara moja. Anasoma majina ya dada zake na maandishi ya mfuko wa unga. Swali la umri wake bado lipo. Kwetu Kongo kuna madarasa ya kufidia ambayo mtoto aliyepitwa anamaliza miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu. Wazazi wenye watoto wakubwa katika madarasa ya chini waulizeni maderekta kama kuna nafasi ya namna hiyo, na muulize mkiwa wengi, si mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye kaye, maana tuna deni kwa mama yule. Mzazi asiyesoma aangalie hivi. Tia alama ndogo ya mkaa kwenye pembe ya ukurasa uliouona leo. Kesho ukurasa uwe mwingine. Mwambie mtoto akueleze kwa mdomo walichofundishwa, akufundishe wewe. Akishindwa kueleza siku nyingi mfululizo, nenda shuleni. Mwombe asome kwa kidole, neno kwa neno; anayebuni kidole chake kinakimbia.

Na buletini ikija, tusikimbilie asilimia tu. Katika buletini za mfumo wetu kuna mstari wa konduite, yaani mwenendo, na mstari wa aplikasio, yaani bidii. TB ni vizuri sana, B ni vizuri, AB ni vizuri kiasi. Ukiona ME au MA kwenye mwenendo, usingoje mwisho wa mwaka. Nenda, na kabla hujauliza kosa, uliza: "Mwalimu, mtoto wangu anaweza nini?"

Walimu nanyi, tunajua posho yenu ni ndogo na watoto ni wengi. Tunaomba jambo moja. Mkimrudisha mtoto nyumbani, tafuteni njia nyingine ya kumfikia mzazi siku hiyohiyo, hata kwa mtoto wa jirani.

Mama yule ametuomba tuseme kwamba yuko tayari kuongea na mama wengine wanaoogopa kwenda shuleni, na kuwasindikiza. Anayemhitaji aje ofisini kwetu, tutamwonyesha nyumba. Mwezi ujao tutaandika juu ya wasichana wa darasa la tano na la sita wanaokosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Leteni maswali, ya maandishi au ya mdomo, tutayapokea yote.