Kujisomesha Si Anasa, Waheshimiwa!



Juzi jioni hapa Shirimatunda jirani yangu alibisha hodi, hati yake ya mshahara mkononi, akaniomba tupige hesabu pamoja. Ni mwalimu wa sekondari ya binafsi. Mchana anafundisha, jioni anasoma shahada ya uzamili kwa pesa yake mwenyewe. Alitaka kujua kama ataumudu mwaka wa pili. Tulipomaliza, nilikuwa nimekasirika mimi kuliko yeye.

Mshahara wake ni 800,000, wote wa msingi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua 10%, yaani 80,000. Zile 720,000 zinazobaki zinakatwa PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 inakuja 60,000. Halafu Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara wa msingi, 120,000, deni la shahada ya kwanza. Anaondoka na 540,000. Ada ni milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi. Zimebaki 290,000 za chumba, chakula, daladala na mama yake kule Kibosho.

Sasa nauliza: katika hesabu yote hiyo, mtoza kodi ameiona wapi ile ada? Hakuiona kabisa! Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ada anayojilipia mwajiriwa haipunguzi kodi yake hata shilingi moja. Imewekwa kapu moja na bia na nyama choma. Kodi inakatwa kwanza, ada utajua mwenyewe.

Kuna atakayesema sheria ni msumeno, inakata kote kote. Thubutu! Sheria hiyohiyo inasema ufadhili wa ada kwa masomo ya muda wote hautozwi kodi. Sheria hiyohiyo inairuhusu kampuni inayochangia Mfuko wa Elimu, ule ulioundwa kwa sheria ya 2001, kuuondoa mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa hiyo anayesomeshwa na mfadhili ana nafuu. Tajiri anayechangia masomo ya wengine ana nafuu. Anayejisomesha kwa jasho lake, huku akifundisha watoto wetu, hana kitu. Jamani, kosa lake ni lipi?

Wala si kwamba naota. Marekani wana nafuu iitwayo Lifetime Learning Credit, iliyoletwa na sheria ya 1997. Unapunguziwa kwenye kodi yenyewe 20% ya ada, isiyozidi dola 2,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa uzamili anahesabika, hata anayechukua somo moja tu, na wenye kipato kikubwa hawaipati. Mtasema Marekani ni mbali. Haya, vukeni hapo Holili. Kenya mwenye bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi anapunguziwa kodi kwa 15% ya michango yake, hadi shilingi zao 60,000 kwa mwaka. Si ada moja kwa moja, lakini angalau mtoza kodi wao anajua kwamba elimu inagharimu.

Tukiichukua ile 20%, jirani yangu angepunguziwa 50,000 kwa mwezi. PAYE yake ingeshuka kutoka 60,000 hadi 10,000. Kwa mwaka ni 600,000, sehemu ya tano ya ada yake.

Najua hoja ya upande wa pili: kuna watoto wanakaa chini darasani, nani ahangaike na watu wa uzamili? Ni hoja nzito, siibezi. Lakini ndiyo maana nasema iwekwe kikomo, idaiwe risiti ya chuo, na wenye mishahara minono waachwe nje. Tena huyu tunayemzungumzia ni mwalimu. Akisoma zaidi, nani anafaidika kama si haohao watoto?

Na wasituambie sheria haibadiliki. Yale makato ya Bodi ya Mikopo yalikuwa 8%. Marekebisho ya 2016 yakayapandisha hadi 15%. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya deni ililalamikiwa miaka na miaka, mpaka Mei Mosi 2021 Rais Samia akatangaza kuiondoa. Ilipandishwa kwa kalamu, ikaondolewa kwa kalamu. Walioumia walipiga kelele, basi.

Sisi tunaojilipia ada tumekaa kimya, kila mtu na hati yake ya mshahara chumbani. Wabunge wetu wanapitisha Sheria ya Fedha kila Juni. Mmoja wao aulizwe, kabla ya Juni ijayo, kwa nini ada ya mwalimu ihesabiwe starehe.

Jirani yangu aliikunja ile hati, akashukuru, akasema ataomba kuahirisha mwaka. Aliaga kwa upole kabisa. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Naomba kuwasilisha.