Umri si Kikomo cha Mchezaji wa Kimataifa: Funzo kwa Choma

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alishinda mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na kuweka rekodi ya dunia. Alikuwa na umri wa miaka 20. Katika michezo hiyo hiyo, Mwingereza David Bryant, mwenye umri wa miaka 42, alitwaa medali ya dhahabu katika mchezo wa kuviringisha tufe nyasini, ambao ushindi huenda kwa anayelifikisha tufe lake karibu zaidi na kitufe cheupe cha shabaha.

Bryant alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja mwaka 1962, 1970, 1974 na 1978. Mwaka 1988, akiwa na miaka 56, alikuwa tena bingwa wa dunia. Bayi alipata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Moscow mwaka 1980, akiwa na miaka 27.

Tofauti hiyo haitokani na kipaji. Mbio hudai nguvu za ujana. Tufe la nyasini, ambalo njia yake hupinda kadiri linavyopungua kasi, hudai jicho, utulivu na uzoefu. Mjini Birmingham mwaka 2022, George Miller wa Scotland alipata dhahabu akiwa na miaka 75, akiwa mwelekezi wa mchezaji mwenye ulemavu wa kuona.

Nchini, wanafunzi wana UMITASHUMTA na UMISSETA, na watumishi wa Serikali wana SHIMIWI. Mkulima wa Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora, mwenye miaka 40, hamo katika makundi hayo. Njia iliyo wazi kwake ni klabu iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, kwa kuanzia kwa afisa michezo wa halmashauri.

Ratiba ya Glasgow 2026 ina michezo 10 tu, na mchezo huo wa tufe umo, pamoja na ule wa watu wenye ulemavu. Hivyo, halmashauri zinapopanga viwanja, na wananchi wanapotoa maoni yao, mahitaji ya watu wazima na ya wenye ulemavu yaingizwe tangu mwanzo.