Dawa za chembe nano: tumaini kwa wenye baridi yabisi na kisukari, lakini si za kununua leo

Baridi yabisi ya viungo si uchovu wa jembe wala uzee. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa hata zaidi ya saa nzima.

Kwa mwenye kisukari pia, tatizo huwa mara mbili. Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hutuliza uvimbe haraka, lakini hupandisha sukari kwenye damu. Mkono unapata nafuu, huku macho, figo na miguu vikiwa hatarini.

Sababu ni kwamba dawa ikimezwa huzunguka mwili mzima. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuifungasha ndani ya chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Mishipa midogo ya damu kwenye kiungo kilichovimba huvuja, hivyo chembe hizo hupenya na kutua hapo. Matarajio ni dawa kidogo itoshe, na sukari isipande sana.

Teknolojia hii si ngeni kabisa kwetu. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna, zilizotumika pia Tanzania, zilibebwa na chembe za mafuta za aina hiyo. Lakini kwa baridi yabisi, tafiti nyingi bado ziko maabara na kwa wanyama. Ukiuziwa "dawa ya nano ya viungo" mnadani, iwe Mpimbwe, Nsimbo au Tanganyika, usinunue.

Tunachokiona cha haraka zaidi kwa Katavi ni vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa bila kupima sukari. Hata diklofenaki, ikitumika muda mrefu, inaweza kuumiza figo ambazo kisukari kimeshazidhoofisha.

Msikilizaji, mtajie mhudumu wa afya magonjwa yote mawili na dawa zote unazotumia. Ukipewa steroidi, uliza sukari ipimwe lini, na usiiache ghafla bila ushauri. Uliza pia kuhusu methotreksati: hutumika mara moja tu kwa wiki na haipandishi sukari kama steroidi, ila inahitaji vipimo vya damu na ini.

Kwa viongozi wetu, hoja ni moja: hata tiba ya nano ikifika, itahitaji zahanati ya kijijini iwe na kipimo cha sukari. Hicho hakihitaji kusubiri utafiti wowote.