Jino likiuma, usiyaache maumivu yakuamulie

Kuna kilio kimoja ninachokisikia katika kliniki yangu karibu kila juma, hasa Jumatatu asubuhi. Mgonjwa huingia ameshika shavu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kabla hata hajaketi husema: "Daktari, niandikie barua nikang'olewe hili jino leo. Siwezi kulala nalo usiku mwingine." Ni nadra aniulize kama jino hilo lingali na tiba. Maumivu yamekwisha kumwamulia.

Hivi majuzi mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alinijia na swali lililonifanya niandike makala haya. Gego lake la chini lilikuwa limemnyima usingizi siku tatu. Alikuwa amekwisha kumwona daktari wa meno, naye akamwambia achague: ling'olewe, au litibiwe mzizi.

"Kung'oa ni pesa kidogo na nitakuwa nimemaliza," akaniambia. "Hiyo tiba nyingine ni ghali, na lazima nifunge biashara nirudi mara mbili au tatu. Daktari, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilimjibu kwamba ningelitibu, endapo mzizi ungali mzima. Sikusema hivyo kwa sababu ya vitabu nilivyosoma. Nilisema hivyo kwa sababu zamu yangu ya kuchagua ilipofika, nilichagua kung'oa, na ninajuta hadi leo.

Ilikuwa mwaka 2006, nikiwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya wilaya. Gego langu la chini lilianza kuniuma kila nilipokunywa chai moto. Badala ya kwenda kutazamwa, nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu kwa muda wa miezi miwili. Siku moja maumivu yakakoma yenyewe, nikafurahi nikidhani nimepona. Majuma machache baadaye shavu likafura nikiwa zamu ya usiku, na kulipokucha nikajipeleka mwenyewe kung'olewa. Hakuna aliyeniuliza swali, wala mimi sikuuliza. Shughuli yote haikuzidi robo saa.

Leo jino lililokuwa nyuma ya pengo hilo limelalia mbele. Lile la juu limeshuka kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye. Nyama na sukuma wiki hukwama hapo kila mlo, nami hutafuna upande mmoja tu. Na nilikuwa daktari!

Maumivu hutoka wapi?

Jino si jiwe. Ndani yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hupita katika vijifereji hadi kwenye ncha ya mzizi. Bakteria walio kinywani huigeuza sukari tunayokula kuwa asidi, na asidi hiyo huyala magamba magumu ya jino pole pole. Tundu likiwa bado dogo, huzibwa kwa siku moja na mambo yakaisha. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema kweli.

Tundu likifika kwenye kiini, kiini huvimba. Na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia. Ndiyo sababu ya maumivu yale yanayopiga kama ngoma, hasa mtu akilala. Hatimaye kiini hufa na maumivu hunyamaza, lakini bakteria huendelea na safari yao hadi kwenye mfupa wa taya na kutunga usaha. Shika neno hili, msomaji: jino lililonyamaza si jino lililopona.

Hapa sisi madaktari wa kawaida, pamoja na wenye maduka ya dawa, tuna lawama letu. Kwa miaka mingi tumewapa watu antibiotiki na vidonge vya maumivu, tukawarudisha nyumbani. Lakini dawa husafirishwa na damu, na kiini kilichokufa hakipati damu. Dawa itawezaje kufika humo? Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kuwa antibiotiki hazihitajiki kwa maumivu mengi ya meno kwa watu wazima ambao wana afya njema kwa jumla. Zina kazi yake pale ambapo kuna homa au uvimbe unaosambaa. Hata hapo, ni lazima chanzo chenyewe, yaani jino, kishughulikiwe.

Kutibu mzizi ni kufanya nini?

Wengi huogopa tiba hii kwa habari za kusikia. Kwa kweli daktari wa meno hukudunga sindano ya ganzi, akalitoboa jino kutoka juu, akaondoa kiini kilichoharibika. Kisha husafisha vijifereji kwa tupa nyembamba kama sindano na maji ya dawa ya kuua bakteria, akavijaza utomvu maalumu na kuziba. Picha za eksirei humwonyesha kama amefika mwisho wa mzizi. Maadamu ganzi imeshika, kazi hii kwa kawaida haiumi kuliko kuzibwa jino. Linaloumiza ni lile jino unaloendelea kukaa nalo nyumbani.

Jino la mbele kwa kawaida lina kijifereji kimoja. Gego laweza kuwa na vitatu au vinne, na ndiyo maana kulitibu huchukua muda zaidi na pesa zaidi. Isitoshe, gego lililotibiwa hubaki dhaifu, na mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia ili lisipasuke. Wengi hukosea hapo: hulipia tiba, wakaikwepa kofia, jino likapasuka wakila mahindi ya kuchoma. Kisha husema tiba ya mzizi ni wizi. Ikifanywa vyema na jino likafunikwa ipasavyo, zaidi ya meno 8 kati ya 10 yaliyotibiwa hudumu miaka mingi.

Kuna pia uvumi unaosambazwa kwa simu kwamba tiba hii huleta saratani. Shina la hofu hiyo ni la kale. Mapema katika karne ya 20 daktari wa meno Mmarekani, Weston Price, alidai kuwa meno yaliyotibiwa mzizi huuletea mwili maradhi mengi. Watafiti waliomfuata hawakuweza kuyathibitisha madai yake. Usipoteze jino zima kwa ajili ya uvumi.

Rahisi ni ghali

Najua utaniambia: "Daktari, hayo ni maneno matamu, lakini pesa?" Sikupuuzi. Kutibu mzizi wa gego na kulivika kofia huweza kugharimu mara kadhaa ya kung'oa. Lakini ulipie pia pengo unapopiga hesabu. Ukitaka kuliziba baadaye, utavaa jino la bandia la kutoa na kurudisha, au utawekewa daraja ambalo mara nyingi hudai meno jirani yachongwe, au utapandikiziwa jino juu ya skrubu ya chuma ndani ya mfupa. Hilo la mwisho kwa kawaida hupita bei ya kuliokoa lile ulilozaliwa nalo. Nao mfupa wa taya hunywea mahali palipong'olewa jino, kwa hivyo kadiri unavyochelewa ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani kung'oa ni dhambi. Kuna meno ambayo hayafai kuokolewa. Jino ambalo mzizi wake umepasuka kwa urefu, jino ambalo limeoza hadi chini ya ufizi na halina pa kushikilia kofia, na jino linalotikisika kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa ufizi, hayo kwa kawaida hung'olewa. Gego la mwisho linaloota ukubwani nalo huwa halikosewi sana likitoka. Na ikiwa unajua hakika kwamba hutaweza kurudi kumaliza tiba, afadhali ung'oe. Jino lililofunguliwa na kutelekezwa ni hatari kuliko pengo.

Ninalopinga ni kuamua usiku wa maumivu, bila kuuliza. Kwa hivyo uketipo kwenye kiti cha daktari wa meno, muulize haya. Je, sehemu ya jino iliyobaki yatosha kushika kofia? Mzizi na mfupa vinaonekanaje kwenye eksirei? Jumla ya gharama, pamoja na kofia, ni kiasi gani, na naweza kulipa kwa awamu? Nikiling'oa, utanishauri nizibe pengo kwa nini, na kwa bei gani? Mweleze pia kama una kisukari, una mimba, una ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kuimarisha mifupa.

Muulize na swali la tano, ambalo laiti ningalilijua mwaka 2006: "Unaweza kuyatuliza maumivu leo, niamue juma lijalo?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Daktari hulifungua jino, akatoa kiini na usaha, akaweka dawa na kizibo cha muda. Unalala usiku huo, kisha unafikiri ukiwa na akili timamu. Lakini kumbuka kizibo cha muda ni cha muda. Ukikaa nacho miezi, umerudi pale pale.

Uvimbe mmoja hausubiri juma lijalo. Ukifura chini ya taya au chini ya ulimi, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, ukawa na homa au pumzi ikakutatiza, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maradhi haya Mjerumani Ludwig aliyaeleza mwaka 1836, na hadi leo yanaweza kuziba koo na kuua.

Sasa neno kwa wakubwa wetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 34 ya watu wazima nchini walikuwa na meno yaliyooza. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, lakini katika nyingi mno mwenye jino bovu hupata koleo tu. Hakuna vifaa vya kutibu mzizi, au vipo na havina mtu. Tunapomwambia maskini achague, huku mezani kuna kitu kimoja, hatujampa uchaguzi wowote. Eksirei ya meno na seti ya tupa si anasa, na kaunti inayonunua magari ya wakubwa inaweza kuvinunua.

Nawe mwenye bima, usingoje uumwe. Uliza leo kikomo chako cha meno ni shilingi ngapi, na kama tiba ya mzizi na kofia vimo. Asiye na bima na anayeishi Nairobi aulizie katika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya wakufunzi wao. Popote uendapo, hakikisha anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari.

Yule mama wa Gikomba? Eksirei ilionyesha mzizi wake ungali mzima. Alifunguliwa jino siku hiyo, akalala. Mwisho wa mwezi alirudi likamalizwa, na kofia anailipia kidogo kidogo. Juzi alipita kliniki kuniletea mtoto mwenye kikohozi. Nilimwuliza gego lihali gani. Alicheka akanionyesha mfuko wa njugu karanga aliokuwa akitafuna, kwa upande wa kulia.

Mimi njugu hizo ningezitafuna kwa upande mmoja tu. Basi, msomaji, jino likikuuma kesho, tuliza maumivu kwanza, uliza, kisha ukate shauri. Maji yakimwagika hayazoleki, na jino likishang'olewa halirudi.