Kibodi Kuukuu Si Takataka, Lakini Kiungo Chake Kichunguzwe

Mali ya umma ina msiba mmoja ambao hausemwi mara nyingi: huzikwa ingali hai. Kompyuta mpya huletwa kituoni, karani huigeuza nyuma akitafuta tundu la duara alilolizoea, asilione. Basi kibodi ambayo asubuhi ile ile imeandika taarifa nzima bila kukosa herufi hata moja hutupwa stoo pamoja na kipanya chake, na barua ya kuomba vifaa vipya huanza safari yake ndefu kwenda makao makuu. Wakati barua inasafiri, kompyuta mpya inakaa mezani kama pambo, na mwananchi aliyeibiwa ng'ombe anaambiwa arudi kesho.

Twalinena jambo hili leo kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, na hasa wale walioko Busia, Malaba na Tororo, kwa sababu mpakani kazi haingoji. Lori linalopita usiku halirudi asubuhi kuandikwa. Ni maoni yetu kwamba kifaa cha zamani kinachofanya kazi chapaswa kuunganishwa na mashine mpya kwa adapta iliyo sahihi, na kwamba adapta hiyo lazima ichunguzwe kama vile askari anavyomchunguza mgeni langoni. Mambo haya mawili yaenda pamoja. Anayeshika moja na kuliacha la pili hajafanya lolote.

Kwanza tueleze asili ya tatizo. Kompyuta za kampuni ya IBM za mwaka 1981 na zile za mwaka 1984 zilitumia plagi nene ya duara yenye pini tano kwa ajili ya kibodi. Mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo ilileta plagi ndogo ya duara yenye pini sita, iitwayo PS/2, na kibodi na kipanya vikapewa kila kimoja tundu lake. Baadaye matundu hayo yalitiwa rangi ili watu wasikosee: zambarau ni la kibodi, kijani ni la kipanya. Mwaka 1996 ikatangazwa USB, plagi bapa tunayoiona leo kwenye kila kitu, na polepole matundu ya duara yakaanza kutoweka kwenye mashine mpya.

Wengi hudhani kwamba tofauti ni ya umbo tu, kwa hiyo kilicho kipana kikifanywa chembamba mambo yamekwisha. Hapo ndipo makosa huanzia. Askari ajua vema kwamba risasi ya AK-47 na risasi ya G3 zote huitwa za milimita 7.62, lakini ya kwanza ina ganda la milimita 39 na ya pili la milimita 51, na hakuna mwenye akili atakayeipakia moja katika bunduki ya nyingine. Kibodi nazo ni vivyo hivyo. Ile ya mwaka 1981 na ile ya mwaka 1984 zina plagi ya namna moja, lakini lugha zinazozungumza na mashine ni mbalimbali. Kinyume chake, kibodi ya mwaka 1984 na ile ya PS/2 zina plagi zisizofanana, lakini lugha yao ni moja. Kipande kidogo cha kubadilisha umbo chatosha kabisa kuziunganisha. Lugha ya USB ni nyingine kabisa, ijapokuwa nayo hutumia umeme ule ule wa volti 5.

Kwa hiyo kuna adapta za aina mbili, na kila mwenye dhamana ya stoo yampasa azijue. Ya kwanza ni adapta bubu. Hiyo ndani yake mna waya tu. Hubadili umbo la plagi wala haibadili neno lolote. Ya pili ni adapta mkalimani. Hiyo ina chombo kidogo cha elektroniki ndani yake, nayo hupokea lugha ya kibodi ya zamani na kuitafsiri kwa mashine mpya. Mara nyingi huwa na plagi moja ya USB upande mmoja, na upande wa pili matundu mawili ya duara, moja la zambarau na moja la kijani.

Watu wa Busia hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Mfanyabiashara anayejua Kisamia, Kiteso na Kiswahili hupita mpakani akajieleza mwenyewe. Yeye anahitaji mlango tu. Mgeni asiyejua hata lugha moja kati ya hizo, mlango haumfai kitu asipopata mkalimani. Vivyo hivyo, baadhi ya kibodi na vipanya viliundwa vikijua lugha zote mbili, ya PS/2 na ya USB, na hivyo tu ndivyo hufanya kazi kwa adapta bubu. Kibodi yenye lugha moja ikifungwa adapta bubu hukaa kimya, na karani asiyejua sababu hutangaza kwamba imekufa. Ni wangapi wamehukumiwa hivyo bila kusikilizwa!

Utaratibu wa kufuata si mgumu. Kwanza, mashine ya PS/2 izimwe kabisa kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote katika matundu ya duara, kwani matundu hayo hayakuundwa kwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka, na yaweza kuharibika. Pili, pini zitazamwe. Iliyopinda inyooshwe taratibu, wala isilazimishwe. Tatu, baada ya mashine kuwaka, bonyeza kitufe cha Num Lock utazame taa yake. Ikiwaka na kuzimika, mashine na kibodi vinasikilizana. Nne, kila kitufe kijaribiwe. Tano, adapta bubu ikishindwa, ijaribiwe adapta mkalimani kabla ya kifaa kuandikwa kibovu. Tukumbuke pia kwamba kibodi nzito za miaka ya 1980 hula umeme mwingi kuliko zile nyepesi zilizofuata, na adapta dhaifu yaweza kushindwa kuzilisha.

Sasa twafika kwenye jambo zito zaidi. Busia ni soko kubwa. Bidhaa za kila namna zapita hapo, na adapta ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Lakini afisa wa polisi hana budi kujua kwamba viko vifaa vya kijasusi vilivyotengenezwa vifanane kabisa na adapta. Kifaa cha namna hiyo huwekwa kati ya kibodi na kompyuta. Huhifadhi kila herufi inayobonyezwa, pamoja na neno la siri, jina la mtoa habari na taarifa ya doria ya kesho. Kibodi inaendelea kuandika kama kawaida, na programu za kuzuia virusi kwa kawaida hazikioni. Aliyekiweka atarudi siku nyingine kukichomoa, na siri zote zitakuwa mkononi mwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala hizi si hadithi. Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ililazimika kuwakataza watu wake kutumia vijiti vya kuhifadhia kumbukumbu, baada ya kirusi kuingia katika kompyuta za jeshi kwa njia hiyo. Mwaka 2014 wataalamu wa Kijerumani walionyesha hadharani kwamba kifaa cha USB chaweza kugeuzwa ndani yake kikajifanya kibodi na kuanza kuiamuru kompyuta pasipo mtu kugusa kitufe. Ikiwa jeshi lenye mali nyingi namna ile lilivamiwa kupitia tundu dogo, kituo cha mpakani kitajiamini kwa msingi gani?

Na hapa ndipo kifaa cha zamani kinapopata heshima ambayo wengi hawaitazamii. Tundu la duara la PS/2 ni la kibodi na kipanya tu. Kijiti cha kumbukumbu hakiingii humo. Ofisi yenye mashine iliyo na matundu hayo yaweza kuyafunga matundu yote ya USB na bado karani akaandika kazi yake bila tabu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako watakaotujibu kwamba kibodi mpya siku hizi ni rahisi, na kwamba kuhangaika na adapta ni kujipotezea muda. Hatuwapingi kwa kila jambo. Ikiwa gharama ya kuunganisha inapita gharama ya kununua, kifaa kiondolewe daftarini kwa utaratibu. Kipanya cha zamani sana chenye plagi ya matundu tisa, kwa mfano, chahitaji adapta na programu yake maalumu, na mara nyingi usumbufu huo hauna faida. Lakini urahisi wa bei haukifikishi kifaa kituoni. Karani aliye mbali na makao makuu hulipa kwa siku za kungoja, na siku hizo hulipwa na mwananchi. Tena, kila kinachotupwa hakiishi kwa kutupwa. Nyaya zinazochomwa jalalani ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu, na risasi iliyomo katika vifaa vya zamani hubaki ardhini.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kila kituo kiwe na akiba ya adapta chache za aina zote mbili, zilizonunuliwa kwa njia ya serikali na kupokelewa kwa hati. Kila moja ipewe namba na kuandikwa katika daftari, kama vile silaha inavyoandikwa. Afisa wa zamu anapopokea kazi, atazame nyuma ya kompyuta kama anavyohesabu bunduki na mahabusu. Akiona kiungo kisicho na namba asikichomoe kwa pupa, bali amwite mkubwa wake, kwa maana huo ni ushahidi. Na kifaa chochote kisitangazwe kibovu mpaka mtu anayejua tofauti ya adapta bubu na adapta mkalimani ametia sahihi yake.

Tangu tarehe 24 Februari 2018, ofisi za Busia zilipozinduliwa rasmi kuwa kituo kimoja cha mpakani, msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili humhudumia hapo hapo. Mataifa mawili, kila moja na sheria zake, yaliunganishwa pasipo kuvunja ofisi ya mmoja wala kumfukuza afisa wa mwingine. Kilichofanya kazi hiyo ni utaratibu mwema na macho ya askari walio langoni. Basi utaratibu huo huo na macho hayo hayo yaletwe nyuma ya kila kompyuta ya serikali.