Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutengeneza: Funzo la Jukiboksi

Mwalimu wa shule ya msingi afundishapo umeme au mashine, aghalabu huanza kwa kuorodhesha ubaoni majina ya sehemu: betri, swichi, waya, balbu. Wanafunzi huyanakili, huyakariri na kuyajibu katika mtihani. Hatuyapuuzi majina. Lakini tunaonelea kwamba mwanafunzi ajuaye majina peke yake hana la kufanya siku tochi ya nyumbani inapokataa kuwaka. Anachohitaji ni utaratibu wa kutafuta chanzo cha hitilafu, na utaratibu huo hufundishika. Ili kuueleza, tumechagua kazi ya mafundi wanaofufua jukiboksi za zamani.

Jukiboksi ni sanduku la muziki litumbukizwalo sarafu, ambalo humpigia mteja santuri aliyoichagua. Huko Marekani zilienea mno katika mikahawa na mabaa katikati ya karne ya 20. Wurlitzer 1015, iliyotoka mwaka 1946, ilibeba santuri 24. Zilitengenezwa kiasi cha 56,000. Mwaka 1950 kampuni ya Seeburg ya Chicago ilitoa M100B, iliyobeba santuri 50 za mizunguko 45 kwa dakika na kuzipiga pande zote mbili, yaani nyimbo 100. Mashine hizi zafaa kwa mfano wetu kwa kuwa mnyororo wa sababu na matokeo waweza kufuatwa kwa macho: sarafu huruhusu uchaguzi, kitufe huchagua, mota huzungusha gia, santuri husogezwa, sindano hugusa santuri, ndipo kikuza sauti na spika hufanya kazi yao.

Fundi mwangalifu aletewapo jukiboksi iliyokaa ghalani miaka mingi, hakimbilii kuiwasha. Huanza na mitambo. Grisi ya zamani huwa imeganda kama ulimbo. Mota ikilazimishwa kusukuma gia zisizosogea, meno huweza kuvunjika. Kwa hiyo huiondoa grisi yote, hupaka mpya kidogo, kisha huuzungusha mtambo taratibu kwa mkono, hatua kwa hatua, hadi santuri itoke na kurudi mahali pake pasipo kukwama.

Baada ya hapo ndipo hugeukia umeme. Vikuza sauti vya wakati ule vilitumia valvu, na ndani yake mlikuwa na kapasita za karatasi iliyotiwa nta. Kapasita hizo huzeeka na kuvujisha umeme. Mvujo ukifikia valvu za mwisho, valvu hizo hupata moto kupita kiasi na huweza kuunguza transfoma. Kitu cha bei ndogo huangamiza cha bei kubwa. Ndiyo maana hubadilishwa kabla ya kuwasha, pamoja na zile kubwa ambazo zikikauka spika huvuma.

Wapo watakaouliza: kama ni hivyo, si afadhali kubadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja? Hatukubaliani nao. Kapasita za karatasi hubadilishwa zote kwa sababu udhaifu wao umekwisha kujulikana. Hata hivyo fundi huzibadilisha moja moja, akilinganisha na mchoro, ili akikosea ajue alipokosea. Sehemu nyingine huzipima kwanza. Tuchukue mfano wa muziki unaotoka kwa kujiburura. Mwanagenzi husikia kasoro kwenye spika, akaanza kufungua kikuza sauti. Kumbe chanzo kiko mbali: gurudumu la mpira limekakamaa, au mafuta yamekauka ndani ya mota, hata santuri haizunguki kwa mwendo wake. Kasoro husikika mwishoni mwa mnyororo, na chanzo huenda kiko mwanzoni.

Hapa ndipo mwalimu hana budi kulitazama upya daftari analolisahihisha. Hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu ina kuzidisha na kutoa ndani yake. Mtoto akiikosa, alama nyekundu haielezi ni hatua gani iliyomshinda. Mwalimu arudiaye somo zima la kugawanya, hali mtoto hajui kukopa katika kutoa, ni sawa na fundi abadilishaye spika ilhali gurudumu la mpira limekakamaa.

Hatusemi watoto wafungue mitambo ya umeme. Ndani ya kikuza sauti cha valvu huweza kuwamo volti 300 au zaidi, na kapasita huweza kuuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Darasani tochi yatosha. Mwalimu aweke kipande cha karatasi kati ya betri mbili, kisha awape wanafunzi tochi hiyo. Waandike wanachokiona, wanachokishuku, walichokipima, kitu kimoja walichokibadilisha, na kilichotokea.

Kuhusu utoaji wa alama tunao msimamo ambao baadhi ya wakufunzi wenzetu huuona mkali. Kikundi kilichobadilisha betri, balbu na swichi kwa pamoja kisipewe alama zote, hata kama tochi imewaka, kwa maana hakiwezi kusema ilikuwa na ubovu gani. Kikundi kilichoigundua karatasi kwa kupima hatua baada ya hatua kistahili alama kamili, hata kama kengele imelia kabla hakijairudisha betri mahali pake. Walimu wanafunzi wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha waujaribu utaratibu huu katika kipindi kimoja, kisha waandike katika maandalio yao ni wanafunzi wangapi walioweza kueleza chanzo kwa maneno yao wenyewe.